Damu Ndani ya Arobaini

Dada yangu mkubwa alifariki katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, Masanze, mtoto wake akiwa bado hajatoka arobaini. Jibu la nani aliyemuua lilipatikana kabla hata ya sanda. Mama alisema ni mumewe. Wajomba wakasema ni mumewe. Miaka ikapita, mtoto akakua, na jibu likabaki lile lile.

Asiyetoka kwetu anaweza asielewe, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwanamke akipata mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake. Hupewa chumba cha nyuma, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hufungwa tumbo kwa kanga, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hatoki mpaka arobaini iishe. Mume haingii chumba hicho. Akija huketi barazani na furushi lake la nyama na sabuni, mtoto hutolewa nje amwone, kisha huaga akarudi alikotoka. Nguo za mzazi hufuliwa na mama yake peke yake, nyuma ya nyumba, na maji yake humwagwa shimoni. Damu ile haitazamwi na mtu mwingine. Wanasema mficha uchi hazai. Sisi tukishazaa ndipo tunaanza kuficha. Habari zote za damu anazo mtu mmoja tu, na akisema "uchafu unatoka, anaendelea vizuri," hakuna wa kumbishia.

Habari ya kubemenda mtoto, kwamba mzazi akizini mtoto hudhoofika, inajulikana nchi nzima. Wazee wa nyumba yetu walikwenda mbele zaidi. Walishikilia kwamba damu ya mzazi ikishakauka, kisha ikarudi kwa nguvu ndani ya arobaini, basi mume ametoka nje ya ndoa. Dawa yake ilikuwa moja tu. Mume aitwe, akalishwe mkekani mbele ya wakubwa, aseme ni mwanamke gani, na akishakiri damu itakata. Asipokiri haikati.

Dada damu ilimrudia. Alikuwa amejifungulia pale pale nyumbani, kwa mama na mkunga wa kijiji, na kila mtu alikuwa ameshasema kajifungua salama. Mimi nilikuwa msichana wa shule, kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kuchochea moto, na chumbani sikuruhusiwa. Nilichokiona ni mama akitoka na beseni lililofunikwa kanga, akirudi, akitoka tena. Adhuhuri shemeji akapigiwa simu. Alikuwa anakata miwa Ruhembe, na alifika alasiri na nguo zake za kazi, masizi ya miwa iliyochomwa yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Hata maji ya kunawa hakupewa. Wajomba walimkalisha mkekani.

Walianza kwa upole. Baadaye upole ukaisha. Shemeji alikataa, akaapa, akakataa tena, na kila alipokataa mmoja wao alimwambia, "Sikiliza huko ndani. Unamsikia mwenzako?" Na kweli alikuwa anamsikia, sote tulikuwa tunamsikia. Jua lilipokaribia kuzama nikasikia sauti yake, mimi nikiwa jikoni, ikisema, "Ndiyo. Ni kweli." Wakamuuliza ni nani, akataja jina la mwanamke wa kule kambini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mimi pia nilifurahi, maana nilidhani sasa dada atapona.

Gari lilikuja kuitwa giza limeshaingia, na lilipofika hakukuwa tena na mgonjwa wa kubeba.

Kwenye mazishi shemeji hakuruhusiwa kushuka kaburini. Alisimama mbali, peke yake, mpaka udongo ukaisha. Mtoto, ambaye ni wa kike, alibaki kwa mama, akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe na uji. Kila msimu kiwanda kikianza kusaga miwa, shemeji alimpa kondakta wa basi mfuko wa sukari atuletee, na mama aliigawa yote kwa majirani, isibaki hata ya kutia kwenye uji wa mjukuu wake. Siku moja nilimtania, "Mama, sukari nayo imezini?" Hakucheka. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Binti yule alipopata akili aliuliza baba yake yuko wapi. Mama akamwambia, bila kupaka mafuta, kwamba baba yake yuko hai huko kwenye miwa, na kwamba ndiye aliyemuua mama yake kwa uzinzi wake. Hakuuliza tena. Akawa mtoto wa kimya, mwenye bidii shuleni, anayeitwa yatima na watu wote huku baba yake yuko safari ya mabasi mawili tu.

Sasa nije kwa mdogo wetu.

Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, aliolewa Mikumi na fundi wa matairi. Banda lake liko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuvuka mbuga. Ni kijana mpole, ana maneno machache, na mengi kati ya hayo ni ya matairi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji hospitalini huko huko Mikumi, dume zito lenye mashavu. Walipomruhusu, akaletwa Masanze kwa mama kama desturi inavyotaka.

Sikupenda. Mimi naishi Kilosa mjini, nina banda la vitenge sokoni, na kutoka kwangu hadi hospitali ni mwendo wa kutembea. Nikasema akae kwangu.

"Kwani mimi nimekufa?" mama akauliza, na mjadala ukaishia hapo.

Mwanzo mambo yalikwenda sawa. Mshono ulifunga, damu ikakauka, mtoto ananyonya mpaka jasho linamtoka. Nilikuwa nikienda Ijumaa, naonyeshwa mtoto, napewa taarifa, narudi. Nilianza kujiona nina wasiwasi wa bure.

Kisha mchana mmoja, nikiwa nampimia mteja kitenge, simu ikaita. Alikuwa binti wa marehemu dada.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo." Akashusha sauti. "Mama mdogo, bibi anafua tangu asubuhi."

Mkasi ulinitoka mkononi. Yule mtoto hakuwa anaruhusiwa chumbani kama mimi nilivyokuwa siruhusiwi, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

"Amemwita mtu?"

"Amempigia simu baba mdogo, aje kutoka Mikumi. Na babu kaja. Wanatandika mkeka."

Nilimwachia jirani banda na mteja, nikakodi gari la kwanza nililoliona stendi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya Masanze ilikuwa matope matupu, dereva ananiuliza kama kuna msiba na mimi namjibu endesha. Njia nzima nilikuwa namwona dada. Nilimwona vizuri zaidi kuliko nilivyomwona siku ile yenyewe, maana siku ile sikumwona kabisa.

Nilipofika, mkeka kweli ulikuwa umeshatandikwa barazani. Mjomba wetu, aliyebaki peke yake kati ya wale wa zamani, alikuwa amekwisha kukaa, na fimbo yake ameilaza kando. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Shikamoo mama. Gari hili hapa, mgonjwa atoke."

"Marahaba. Mkwe yuko njiani. Ngoja afike kwanza."

"Afike afanye nini?"

"Unajua afike afanye nini. Usinivunjie heshima mbele ya mjomba wako."

Mimi nina mdomo, nimezaliwa nao, na mara nyingi umeniponza. Siku hiyo niliuachia. Nikamwambia mama, mbele ya kaka yake, neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake: "Unataka uzike wa pili?"

Alisogea pembeni taratibu, akanipisha, na nikaingia chumba ambacho sikuwa nimewahi kuingia kukiwa na mzazi ndani. Kilinuka damu na karafuu. Mdogo wangu alikuwa amelalia ubavu, uso umekuwa wa rangi ya jivu, midomo nayo imepauka. Akaniambia, "Dada, nasikia baridi." Nje jua lilikuwa linachoma.

Tulikuwa tunambeba kumtoa, mimi na dereva, mumewe alipoingia uani na pikipiki. Mjomba akamwonyesha mkeka kwa kidevu, akamwambia, "Kaa hapa, baba."

"Nikae?" akauliza yule kijana. Aliutazama mkeka, akamtazama mkewe, na wala hakuelewa anaulizwa nini. Akaitupa pikipiki chini, akampokea miguuni, tukamwingiza garini. Mama akapanda nyuma, akampakata kichwa. Binti wa dada akabaki na mtoto mchanga mgongoni. Mjomba tulimwacha pale pale mkekani.

Hospitalini Kilosa walimtundikia dripu mikono yote miwili, wakamchoma sindano za kukaza kizazi, mumewe akatoa damu, nami nikatoa. Jioni damu yake ikapungua, tukadhani imekwisha. Kesho yake asubuhi ikaja tena bila taarifa, godoro likalowa, manesi wakakimbia na mapazia, kisha ikatulia yenyewe kama vile haikuwa imetoka. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alikwishampiga picha ya tumbo na hakuona kipande chochote kilichobaki ndani. Akatuita nje.

"Nitasema wazi," akasema. "Hapa naweza kutoa kizazi. Nikikitoa, damu itakata, na hatazaa tena. Lakini nahisi kuna mshipa uliojeruhiwa wakati wa upasuaji. Dar yuko daktari anayeweza kuuziba kwa ndani, bila kumpasua. Sasa hivi imetulia na tumemwongezea damu, kwa hiyo anaweza kusafiri. Ikirudi njiani, watamshusha Morogoro na huko watakitoa kizazi. Mnataka nini?"

Mama alinitazama mimi, mimi nikamtazama mume. Aliyejibu ni mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya chini, kupitia mlango uliokuwa wazi. Alisema, "Nipelekeni."

Tulisafiri na gari la wagonjwa, nesi ameketi kando yake ameshika mkono wake kana kwamba wanaongea tu, kumbe anahesabu mapigo. Kila gari lilipopunguza mwendo nilimtazama nesi usoni. Tulipita Morogoro. Mama alikuwa na tasbihi, lakini vidole vyake havikusogea, alikuwa ameishika tu.

Dar, katika ile hospitali kubwa, daktari alikuwa mtu mzima aliyevaa aproni nzito kama ya mfua vyuma. Mama akamuuliza watampasua wapi safari hii.

"Hatumpasui, mama. Tunatoboa tundu dogo hapa kwenye nyonga. Tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, tunaufuata kwa picha kwenye televisheni mpaka kwenye kizazi, tukifika panapovuja tunaziba. Mwenyewe atakuwa macho."

Mama aliitikia, lakini nilijua hajaelewa hata nusu. Mkwe wake ndiye aliyemsogelea, kwa adabu, akaacha nafasi kati yao kama inavyopasa.

"Mama, ni kama tyubu," akasema. "Tairi likichanika kidogo kwa ndani, tyubu inatokeza pale pale, inafanya nundu. Unaweza kutembea nayo siku kadhaa, upepo uko vile vile, unasema gari zima. Halafu inapasuka."

"Na kilichochana tairi?"

"Kwa huyu, ule upasuaji wa kumtoa mtoto. Daktari anasema huwa inatokea, hata mkono uwe mzuri vipi."

Mama akamtazama muda mrefu yule kijana ambaye juzi yake alikuwa ametandikiwa mkeka.

Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kuchemsha maharage. Walimrudisha wodini kwa kitanda cha magurudumu, wakatuambia asikunje mguu. Alikuwa amechoka lakini anaongea. Alisema alisikia joto tu tumboni, na kwamba alikuwa anaiona mishipa yake mwenyewe kwenye televisheni, myeusi myeusi kama mizizi. Damu ilikuwa imekata.

Daktari alipoondoka mama alisogea kitandani, akafunua shuka kwa tahadhari, akatafuta kidonda. Alikuta plasta. Ndogo, ya kawaida, kama anayobandikwa mtoto aliyechubuka goti.

"Ni hapo tu?"

"Ni hapo tu, mama."

Akarudisha shuka, akaichomekea vizuri, akakaa kwenye benchi. Halafu akaanza kulia. Kwenye msiba wa dada mama alilia kwa sauti, kama wanawake wote. Kilio cha wodini hakikuwa na sauti, mwili mzima tu ulikuwa unatikisika, na kanga ameiuma kwa meno. Wanawake wa vitanda vya jirani wakaanza kumpoza, "Mshukuru Mungu, bibi, mwanao amepona." Waliongea kwa wema. Mimi nilijua halii kwa ajili ya yule aliyeko kitandani.

Siku iliyofuata daktari alipopita, mama alisimama mbele yake na mikono ameikunja, kama mwanafunzi.

"Baba daktari, nina swali la kizee. Mume akitoka nje ya ndoa, damu ya mkewe inarudi?"

Namheshimu yule mtu kwa jambo moja: hakucheka, wala hakutabasamu. "Hapana, mama."

"Hata akiwa ndani ya arobaini?"

"Hata akiwa ndani ya arobaini."

Ndipo mama akamweleza habari za dada. Alieleza yote, damu ilivyokauka, ilivyorudi, hata beseni. Kuhusu mkeka hakusema. Daktari alimwambia hawezi kumsemea mgonjwa ambaye hakumwona, hiyo haitakuwa haki. "Lakini kwa aliyejifungua kawaida," akasema, "mara nyingi ni kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni. Kinakaa kimya wiki mbili, tatu, halafu kinaleta damu. Mgonjwa akiwahishwa wanakivuta kwa bomba la mkono. Hapasuliwi. Hiyo si lazima aje huku kwetu, hata hospitali ya wilaya wanafanya."

"Hata Kilosa?"

"Hata Kilosa, mama."

"Siku zile pia?"

Daktari alisita. "Siku zile pia."

Mama akasema asante. Akarudi kwenye benchi lake, na tangu hapo mpaka tunaondoka Dar hakuzungumza isipokuwa kuuliza kama mgonjwa amekula.

Mdogo wetu alipona. Arobaini yake aliimalizia kwangu mjini, kizazi chake kizima, mtoto wake ananyonya, kisha akarudi Mikumi kwa fundi wake. Aliyeugua sasa ni mama. Hakulala kitandani, lakini aliugua. Alikuwa mkandaji mashuhuri pale Masanze, hakuna mzazi aliyekuwa anapita bila mikono yake. Sasa wakija kumwita anasema viganja vinamuuma. Chakula anaonja tu. Mjomba alikuja kumlaumu kwamba tulimwaibisha, na mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akaingia ndani.

Baada ya kuvuna mahindi alinipigia simu. "Nipeleke Ruhembe," akasema. Sikumuuliza kwa nani.

Tulipanda basi mpaka Mikumi, tukabadilisha, tukaingia kwenye miwa, pande zote mbili za barabara miwa tu. Shemeji hakati tena miwa ya watu, anayo yake kidogo. Tulielekezwa na kila tuliyemuuliza. Tulimkuta uani ananoa panga. Mvi zimemwanza, na ana mke na watoto wengine, na mke yule alitutandikia kitambaa kwenye viti na kutuletea maji kabla hajajua sisi ni nani.

Shemeji alitujua papo hapo. Akaweka panga chini, akapiga goti kwa mbali.

"Shikamoo mama."

Mama alichelewa kuitikia, mpaka nikaogopa. "Marahaba, baba," akasema mwishowe, na sauti ikakatika katikati.

Hajui kuomba radhi mama yangu, hakuwahi kujifunza. Alianza na habari za mdogo wetu, akaingia kwenye tyubu, akatoka, akarudi kwenye kondo na bomba la mkono, akayachanganya yote. Mke wa shemeji, aliposikia ni habari za marehemu, aliinuka taratibu akaingia ndani kutuachia nafasi. Mwisho mama akalipata neno lake. "Nimekuja uniwie radhi. Uzinzi wako haukumuua binti yangu."

Shemeji alikuwa ameinama, anatazama mikono yake.

"Mama," akasema, "uzinzi haukuwepo."

Mama akainua uso.

"Yule mwanamke uliyemtaja..." mama akaanza.

"Alikuwa anatupikia kambini. Mtu mzima, wa umri wako. Ndilo jina la kwanza lililonijia. Mlisema nikikiri damu itakata. Nilikuwa namsikia mule ndani anavyolia. Ningekiri chochote."

Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akasema lile ambalo sijaweza kulitoa kichwani mpaka leo.

"Haikukata. Miaka yote hii nimekuwa najiuliza, labda iligoma kwa sababu nilikiri uongo. Labda ningepata cha kweli cha kukiri, angepona."

Nililia mbele yake bila hata kuficha uso. Mama aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti chini akamtambalia, anataka kumshika miguu, na shemeji akaruka nyuma kwa hofu, maana mkwe hagusani na mkwewe. "Usifanye hivyo, mama, utaniletea laana," akawa anasema, huku anarudi kinyumenyume, analia na yeye. Nikamwinua mama nikamrudisha kitini.

Ndipo shemeji akauliza. "Mtoto mlimwambia nini?"

"Nilimwambia ulimuua mama yake."

Shemeji akatikisa kichwa, si kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu. "Basi umwambie wewe mwenyewe," akasema. "Mimi nikimwambia, ataona najitetea."

Tulifika Masanze jua likiwa bado liko juu. Binti wa dada alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Mama hakubadili nguo wala kunawa miguu. Akaketi chini, kando yake, akamweleza. Safari hii hakuchanganya. Alimweleza kuhusu mkeka, jina la mpishi wa kambini, kipande cha kondo, yote, na kila alipofika pagumu aliikaza kanga yake akaendelea. Binti alikuwa anaendelea kuokota mawe na kuyatupa pembeni, moja moja. Nilidhani ataulizia habari za baba yake, anafananaje, atakuja lini.

"Kwa hiyo mama angepona?" akauliza.

Nikafungua kinywa. Nilitaka kumwambia barabara ilikuwa mbovu, siku za mtu zikifika zimefika, yale mambo ambayo watoto huambiwa. Mama akaniwahi.

"Angepona," akasema, "kama siku ile ningeita gari badala ya kumwita baba yako."

Binti akauweka ungo chini. Akasimama, akakung'uta sketi yake, akatoka akifuata njia ya kwenda shuleni ingawa ilikuwa Jumapili. Mama hakumwita. Mchele nilimalizia mimi kuuchambua.